Akala Nyuma ya Bampa

Mama husema nilizaliwa nikiwa nimekunja ngumi. Sijui kama ni kweli, lakini najua kwamba hasira hunijia haraka, kabla hata sijajua imetoka wapi. Jina langu ni Mideva. Nina miaka kumi na mitatu, na kila Jumamosi mimi humsaidia Baba katika karakana yake ya Laini Saba, hatua chache kutoka reli.

Siku hiyo ilianza kama Jumamosi nyingine zote. Nilifagia vumbi la chuma, nikapanga spana kwa ukubwa wake, nikachota maji ya kunawa mikono. Baba alikunywa chai akiwa amesimama, maana yeye haketi mpaka kazi ya kwanza iishe. Anaitwa Khamala, na watu wa Kibera humletea magari yaliyogongwa ayanyooshe.

Kuna kazi moja ambayo Baba alikuwa amenifunza vizuri mpaka akaniachia niifanye mwenyewe. Kazi hiyo ni kufunga bamba la nambari la mbele. Watu hudhani ni kazi ndogo. Si ndogo hata kidogo. Kabla ya kutoboa, lazima ujiulize maswali matatu. Askari akisimama mbele ya gari, ataisoma nambari bila kuinama? Bamba litaziba upepo unaoingia kupoza injini? Na nyuma ya hapo unapotaka kutoboa, kuna nini?

Jibu la swali la tatu lilikuwa limening'inia kwenye msumari karibu na mlango. Lilikuwa akala moja kuukuu, kiatu cha mpira wa tairi ambacho babu yangu alikivaa miaka mingi. Unapotaka kutoboa bampa, kwanza unapitisha mkono nyuma yake ujue kuna nini. Kisha unaishindilia ile akala hapo, katikati ya bampa na vitu vya ndani. Plastiki ikiachia ghafla, drili inauma mpira badala ya kuuma nyaya au rejeta, lile tanki la maji linalopoza injini. Kwa hiyo kila bamba nililofunga liliacha matundu mawili kwenye akala. Jioni Baba alipenda kuyapapasa kwa kidole, kama mchungaji anayehesabu mbuzi wake.

Mwendo wa saa nne, gari jeupe liliingia na kusimama mlangoni kabisa. Lilikuwa la Mzee Abdulmajid, mwenye nyumba za kupangisha kule Lindi, mtaa mwingine wa hapa Kibera. Sauti yake hufika kabla yeye hajafika. Aliyeshuka upande wa pili alikuwa mjukuu wake, Sumaya, ambaye tunasoma naye darasa moja.

"Khamala! Nimesimamishwa Ngong Road kama mwizi!" Mzee alisema hata kabla ya salamu. "Ati nambari haionekani! Mimi, na umri huu, naambiwa na kijana mdogo nishuke kwa gari!"

Niliangalia gari. Bampa lilikuwa jipya, maana la zamani lilivunjika Mzee alipogonga nguzo. Bamba la nambari la mbele halikuwa limefungwa popote. Lilikuwa limelazwa ndani, juu ya dashibodi, na jua lilimulika kioo hata nami sikuweza kuisoma nambari.

"Tutaifunga sasa hivi, Mzee," Baba alisema.

"Ifungeni, lakini msilitoboe bampa langu. Ni jipya. Ifungeni kwa waya hapa chini, kwenye huu wavu."

Niliinama nikaangalia. Wavu ule ndio pua ya gari. Upepo wote wa kupoza rejeta hupitia hapo.

"Hapo itaziba upepo, Mzee," nikasema. "Ukipanda mlima injini itachemka."

Mzee hakunitazama hata kunitazama. "Khamala, siku hizi karakana yako inasemewa na watoto? Tena wasichana?"

Nilihisi masikio yangu yakipata moto. Nilikuwa nimesema kweli, na kweli yangu ilikuwa imetupwa kwa sababu ya aliyeisema. Hicho ndicho kitu kinachonikasirisha kuliko vyote duniani.

"Basi ifungwe pembeni, chini ya taa," Mzee aliendelea. "Nimeona magari ya wakubwa yako hivyo."

"Pembeni bampa limepinda, Mzee," Baba alimjibu kwa upole. "Bamba litapinda nalo, na herufi ya mwisho itaangalia ukuta. Kesho utasimamishwa tena. Na chini kwenye wavu, Mideva amekuambia ukweli. Mahali ni hapa, katikati, juu ya wavu, palipo tambarare. Ni matundu mawili tu, na bamba lenyewe litayafunika."

Mzee alilizunguka gari mara mbili. Hatimaye alikubali, shingo upande. "Lakini utoboe wewe mwenyewe."

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Mkokoteni ulikuwa nje tayari, umebeba lango la chuma ambalo Baba alikuwa ameahidi kulifunga kule Sarang'ombe kabla ya saa sita. Wasukumaji walikuwa wameanza kulalamika.

"Mideva ameshafunga kumi na moja," Baba alimwambia Mzee. "Mkono wake hautetemeki." Kisha akanivuta kando na kuninong'oneza. "Huyu ni mdomo tu, usimjali. Lakini sikiliza. Nimechungulia ndani. Aliyelifunga bampa hili hakurudisha kile chuma cha ndani kinachoikinga rejeta. Rejeta iko hapo hapo, karibu. Kwa hiyo akala, Mideva."

"Ndiyo, Baba."

"Sema."

"Akala kwanza, drili baadaye."

Akaondoka na mkokoteni.

Nilipima kwa futi, nikatia alama kwa chaki. Mzee Abdulmajid alisimama nyuma yangu, kivuli chake juu ya mikono yangu. "Sogeza kushoto," akasema. Nikapima tena. "Sasa umezidisha. Hesabu mnafunzwa kweli huko shuleni?" Nilijua alama yangu ilikuwa katikati kabisa, maana nilikuwa nimepima kutoka pande zote mbili.

Nikaiangua akala kutoka kwenye msumari.

"Na hiyo ndala ni ya nini?" Mzee akauliza.

"Ni ya kuweka nyuma ya bampa, ndio..."

"Subhanallah! Mnataka kulivalisha gari langu kiatu?" Akageuka kumtazama mjukuu wake. "Sumaya, umeona? Fundi wa Laini Saba anatoboa gari kwa kiatu kimoja!"

Sumaya akacheka. Alicheka sana, mpaka akaufunika mdomo kwa kiganja.

Laiti angecheka mtu mwingine yeyote! Lakini Sumaya na mimi tungeonana Jumatatu darasani. Nikaona tayari darasa zima likicheka kiatu cha babu yangu. Damu ilinipanda kichwani. Niliitupa ile akala chini, ikaruka hadi kwenye vumbi la mlangoni, nikaishika drili.

Tundu la kwanza lilitoboka vizuri. Hilo ndilo lililonidanganya. Kwenye tundu la pili nilisukuma kwa nguvu, si kwa sababu plastiki ilikuwa ngumu, bali kwa sababu nilitamani lile bampa liwe mdomo wa Mzee Abdulmajid. Plastiki iliachia mara moja na drili ikazama yote. Nikasikia sauti ambayo haikuwa ya plastiki. Ilikuwa nyembamba na fupi, kama bati laini linapochanika.

Nilichomoa drili. Kwenye ncha yake palikuwa na tone moja la maji ya kijani.

Niligeuka polepole. Mzee alikuwa akiongea kwa simu, na Sumaya alikuwa akitazama vifaranga vya jirani. Hakuna aliyeona. Nikaifuta drili kwa suruali yangu. Tone moja tu, nilijiambia. Labda litaziba lenyewe. Labda si rejeta, labda ni maji yaliyobaki wakati gari lilipooshwa. Lakini maji ya kuosha gari si ya kijani, na nilijua hivyo.

Nikalifunga bamba kwa skrubu mbili. Lilikaa sawa, limenyooka, herufi zote zikionekana hata kutoka kwenye reli. Mzee alimaliza simu, akarudi nyuma hatua kumi, akalitazama kwa muda mrefu.

"Haya," akasema. "Si vibaya."

Huo ndio wakati ambao ningeweza kusema. Maneno manne tu yangetosha: Mzee, nimetoboa rejeta yako. Lakini aliyekuwa akisubiri maneno hayo ni mtu yule yule aliyesema karakana inasemewa na wasichana. Nikafunga mdomo kwa hasira ile ile niliyoshikia drili.

"Twende, Sumaya," Mzee akasema. "Nikaswali, tule, kisha saa nane tuende Kawangware tumchukue mama yako. Daktari amesema siku zake za kujifungua zimekaribia, asikae mbali na hospitali."

Sumaya alinipungia mkono kutoka dirishani. Sikumpungia.

Gari lilipoondoka, niliona mahali lilipokuwa limesimama. Matone ya kijani yalikuwa yamelowesha udongo, saba au manane. Niliyafukia kwa mguu. Nikachota mchanga nikayafukia tena.

Kisha nikaiona akala kule mlangoni.

Baba angerudi na kuipapasa, kama kawaida yake. Angejua idadi ya matundu, maana hakuwahi kuisahau. Nikaiokota, nikaipangusa, nikaiweka juu ya ubao, nikaitoboa mara mbili. Ilikuwa kazi ya sekunde chache. Nikairudisha kwenye msumari.

Baba alirudi saa nane ikiwa imepita, amechoka, na jasho limemkaukia shingoni. Akauliza kama Mzee aliridhika. Nikasema ndiyo. Akaitwaa akala, akaipapasa.

"Ishirini na nne," akasema, akatabasamu. "Nilikuwa na wasiwasi, unajua? Nilijua yule mzee atakuchokoza. Nikajiambia njiani, kama Mideva ataweka akala leo, mbele ya yule mtu, basi ameshakuwa fundi." Akavua futi yake kutoka kiunoni, ile ya chuma iliyochakaa ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. "Babu yako alinipa hii siku aliyoniamini. Shika. Ni yako."

Niliitazama ile futi. Ningependa kusema kwamba nilijuta, au kwamba nililia. Hapana. Nilikasirika. Niliwakasirikia Mzee Abdulmajid na Sumaya na kicheko chake. Nilimkasirikia Baba kwa kuniamini kirahisi hivyo. Kisha hasira ikakosa mtu mwingine wa kumwendea, ikanirudia mwenyewe, nayo haikunihurumia.

"Akala hiyo ni ya uongo!" nikapiga kelele.

"Nini?"

"Sikuiweka! Aliicheka, Sumaya naye akacheka, nikaitupa. Nimetoboa rejeta. Nimeona maji. Nimeyafukia na mchanga, halafu nikaitoboa akala ili usijue!"

Baba akaenda pale mahali, akakwangua mchanga kwa ncha ya kiatu. Udongo wa chini ulikuwa bado umelowa. Kisha akaipiga meza kwa kiganja hivi kwamba spana zote ziliruka. Hasira ya Baba huja mara chache sana, ndiyo maana inaogopesha.

"Umeniacha nikusifu!" akasema. "Umesimama hapo ukanisikiliza! Gari liko wapi sasa?"

"Kawangware. Ameenda kumchukua mama yake Sumaya. Amekaribia kujifungua, Baba."

Uso wake ulibadilika. Alimpigia Mzee simu mara tatu, ikaita tu bila kupokelewa. Akachukua dumu la maji, akatoka mbio hadi barabarani, mimi nyuma yake. Walubengo, jirani yetu mwenye pikipiki, alimbeba Baba, na mwenzake akanibeba mimi. Njia nzima nilitazama kando ya barabara nikitafuta gari jeupe, nikiomba nisilione.

Tuliliona Naivasha Road, tulipokaribia Kawangware. Lilikuwa limeelekea upande wetu, likirudi Kibera, lakini lilikuwa limesimama kando, boneti wazi, mvuke mweupe ukitoka kama sufuria ya githeri inayochemka. Mzee Abdulmajid alikuwa ameinama juu ya injini. Mkononi alikuwa na kitambaa, na kitambaa kilikuwa tayari juu ya kifuniko cha rejeta.

"Mzee! Toa mkono hapo!" Baba alipaza sauti kabla pikipiki haijasimama. "Usifungue! Usifungue!"

Mzee alishtuka akaurudisha mkono. Baba alimfikia, akamsogeza nyuma. Kama angekizungusha kile kifuniko, maji yale yaliyochemka yangemrukia usoni. Mimi najua, maana Baba ana alama ya moto wa namna hiyo mkononi.

Nilichungulia ndani ya gari. Mama yake Sumaya, Ruweida, alikuwa kiti cha nyuma, ameshikilia kiti cha mbele kwa mikono miwili, macho ameyafumba. Sumaya alikuwa akimpepea kwa daftari. Aliponiona alianza kulia.

"Mideva, maumivu yameanza," akasema. "Na gari imekufa."

Baba alimtuma Walubengo akatafute teksi kwenye steji ya matatu. Akaanza kuipoza injini polepole kwa kulowesha vitambaa. Mzee alikuwa akitembea huku na huku akiongea peke yake. "Gari langu halijawahi kuchemka. Miaka sita! Leo ndiyo siku ya kuchemka? Leo?"

Nilijua kwamba kama singesema wakati huo, singesema tena maishani. Nikaenda nikasimama mbele yake.

"Ni mimi, Mzee. Nilipotoboa bampa nilitoboa na rejeta. Niliona maji, nikanyamaza."

Alinitazama kana kwamba ndiyo kwanza ananiona. Kisha akalipuka. "Nilijua! Wallahi nilijua! Nilimwambia Khamala! Kazi ya gari ukimpa msichana, haya ndiyo..."

"Hapana!"

Nilipiga kelele. Watu wawili waliokuwa wakipita walisimama. Baba aliinua kichwa, lakini hakunizuia.

"Si kwa sababu mimi ni msichana," nikasema. "Mahali pa kufunga nilijua. Kupima nilijua. Na kutumia akala nilijua, ndiyo ingeokoa rejeta. Uliicheka, nikakasirika, nikaitupa. Wewe ulicheka, lakini drili niliishika mimi. Kisha nikaficha. Mama yake Sumaya yuko hapa njiani kwa sababu yangu. Nikosoe kwa hilo, Mzee, nitakubali. Lakini usiseme ni kwa sababu mimi ni msichana, maana huo ni uongo, na uongo nimechoka nao leo."

Mzee alifungua mdomo. Kabla neno halijatoka, sauti ilisikika kutoka kiti cha nyuma.

"Baba! Wacha maneno, tafuta gari!"

Teksi ilifika wakati huo huo. Tulimshika Ruweida, mimi upande mmoja na Sumaya upande mwingine, tukamwingiza. Mkono wake ulikuwa wa moto na uliubana wangu kwa nguvu. Wakaondoka. Baba na mimi tulibaki na lile gari mpaka likapoa, tukalisukuma hadi mahali salama. Njia yote ya kurudi nyumbani nilikuwa nimeishika simu ya Baba, nikingoja iite.

Iliita Jumapili asubuhi.

"Ni msichana," Sumaya akasema. "Mama yuko sawa. Mtoto ni mnene, Mideva, na analia kwa nguvu! Babu anasema analia kama wewe ulivyomfokea pale barabarani."

Niliketi chini.

"Nisamehe," nikamwambia. "Nilidhani umenicheka."

"Kukucheka wewe? Mimi nilikuwa namcheka Babu! Yeye kila fundi humwambia maneno hayo hayo, kila siku. Hata wa kurekebisha viatu."

Nilikasirika tena, mara ya mwisho katika jambo hili. Nilikuwa nimeitupa akala ya babu yangu kwa sababu ya kicheko ambacho hata hakikunihusu.

Baba aliweka rejeta nyingine, akarudisha na kile chuma cha ndani, bila kumdai Mzee chochote. Futi yake aliifunga tena kiunoni mwake. Kwa Jumamosi nne sikugusa drili. Nilifagia, nilisugua kutu, nilichota maji, na kila mteja aliyeuliza kwa nini sifanyi kazi yangu ya kawaida, Baba aliniambia nimjibu mwenyewe. Nilimjibu kila mmoja ukweli. Mara ya kwanza ulikuwa mgumu. Kufikia wa tano, ulikuwa umelainika.

Jumamosi ya tano, sauti ya Mzee Abdulmajid ilifika kabla yake.

"Khamala! Hii namba plet inagongagonga kwa chini! Nikipita matuta inanipigia ngoma!"

Baba alilishika bamba, akalitikisa. Skrubu mbili za juu hazikutosha kwa gari lile. Zilihitajika mbili za chini, na kule chini chuma cha ndani hakikufika. Palikuwa wazi hadi kwenye rejeta. Baba alinitazama, kisha akamtazama Mzee, akangoja.

Mzee alikuna kidevu. Kisha akaenda mwenyewe hadi mlangoni, akaiangua akala kutoka kwenye msumari. Akapiga magoti kwenye vumbi, na kanzu yake nyeupe ile, akaupitisha mkono wake chini ya bampa na kuishindilia akala nyuma. Hakuutoa mkono. Aliuacha huko huko ndani, ukiishikilia akala.

"Nilicheka kitu nisichokijua," akasema, bila kunitazama. "Toboa."

"Mzee, mkono wako uko karibu."

"Najua uko wapi. Ni wangu. Sogeza tu akala mahali unapotaka, fundi."

Hakuna mtu aliyewahi kuniita fundi. Niliichunguza akala kwa kidole, nikaisogeza mpaka mpira wote ukawa nyuma ya alama zangu, na mkono wa Mzee kando kabisa. Nikapumua. Nikangoja mpaka moyo ukatulia, kisha nikatoboa bila kusukuma, nikiuacha uzito wa drili ufanye kazi. Plastiki iliachia. Drili ikauma mpira, ikakaa. Nikatoboa la pili. Mzee alitoa mkono wake, akautazama mbele na nyuma, akacheka. Safari hii hata mimi nilicheka.

Alipoondoka, bamba likiwa limetulia tuli, Baba aliketi. Nimesema yeye haketi mpaka kazi iishe. Aliichukua akala, akapapasa yale matundu mapya mawili. Kisha kidole chake kikarudi nyuma, kikasimama kwenye yale mawili ya uongo. Akachovya brashi ndogo kwenye rangi nyekundu, akanipa.

"Yazungushie duara," akasema.

Nikayazungushia.

"Wahenga walisema hasira ni hasara, na siku ile ulipata hasara," Baba akasema. "Lakini sikukasirika kwa sababu ya rejeta, Mideva. Hata mimi nimewahi kutoboa rejeta. Kila fundi hukosea, na kosa likisemwa mara moja, hutengenezwa mara moja. Kama ungemwambia Mzee pale pale, gari lingelala hapa na Ruweida angechukuliwa na teksi mapema, bila kuteseka njiani. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe ulikumbuka kusema kabla ya kifo, na kwa hilo nakushukuru. Matundu mengine yote kwenye akala hii yaliokoa gari la mtu. Haya mawili yalitaka kukuokoa wewe tu, na ndiyo yaliyokaribia kuua."

Akavua futi kutoka kiunoni mwake, akaiweka juu ya meza, katikati yetu, karibu na mkono wangu. Kisha akainuka kwenda kunawa.

Niliingoja rangi ikauke kwanza. Nikaitundika akala kwenye msumari wake, maduara mekundu yakitazama mlangoni ambapo kila anayeingia anayaona. Kisha nikaichukua futi.